Tangawizi Amezaa Mweusi

Najua tuliachana pabaya. Kuna msomaji amenipigia simu wiki nzima akinitukana kwa heshima, eti mtu mwenye utu hakatizi hadithi wakati miguu miwili ya mtoto imeshatoka na kichwa bado kimo ndani. Haya mama, tulia. Kichwa kimetoka.

Na ni cheusi.

Si weusi wa unyevu, wala si weusi wa kivuli. Daktari wa mifugo alichukua taulo akamfuta yule mtoto wa farasi kuanzia puani mpaka mkiani, akamfuta tena, na kila alipofuta weusi ukazidi kung'aa. Jua la asubuhi lilikuwa limeshaingia bandani kupitia dirisha la juu, kwa hiyo hata taa haikuwepo ya kusingiziwa.

"Dume," daktari akasema. "Mzima. Anapumua vizuri."

Wote walikuwa wanatazama rangi.

Kwa wewe ambaye gazeti la wiki jana uliletewa likiwa limefungiwa sabuni, nakupa mambo kwa ufupi. Mzee Hatamu, mwenye banda hili, amefuga farasi tangu ndevu zake zikiwa nyeusi, na sasa magoti yamegoma. Anataka kung'atuka. Binti yake, ambaye nyumbani wanamwita Profesa kwa kumkejeli, anataka banda lile zaidi ya kitu chochote duniani. Baba yake mdogo naye analitaka, ila hawataki farasi. Yeye anataka wauzwe wote, pafagiliwe, pawekwe zulia, pawe ukumbi wa sherehe.

Mzee akakata shauri kwa nadhiri, mbele ya watu. Tangawizi, yule farasi jike mwekundu, alikuwa na mimba ya Mtindi, dume la rangi ya krimu. Profesa alikuwa ameshapeleka nywele za Mtindi maabara, akatabiri mtoto wa rangi ya dhahabu. Basi, Mzee akasema, akitoka wa dhahabu, funguo za banda ni za Profesa. Akitoka wa rangi nyingine yoyote, funguo ni za Baba Mdogo.

Na Profesa, kwa ujana wake, alisema asilimia mia. Mtu mwenye busara hubakiza hata asilimia mbili za kutorokea.

Sasa turudi bandani. Sauti ya kwanza kusikika baada ya ile ya daktari ilikuwa ya futi ya chuma ikivutwa. Zrrrrr. Baba Mdogo alikuwa ameipachika kwenye nguzo na anarudi nayo kinyumenyume kuelekea ukutani.

"Baba Mdogo!" Profesa akafoka. "Mtoto hajasimama hata kwa miguu yake!"

"Asimame tu, nani kamkataza? Mimi napima." Akasoma namba, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Hapa jukwaa la maharusi. Pale spika. Na huyo mzazi alipolala hapo, meza ya keki."

Tangawizi akamtazama, akaendelea kumlamba mwanawe.

Mzee Hatamu hakuwa akiwasikiliza. Alikuwa anatazama pazia. Maana Mzee naye ana elimu yake, msimwone hivi. Yeye anaamini farasi jike huzaa rangi anayoitazama. Ndiyo maana miezi yote ya mimba alikuwa amechomoa pazia la njano la sebuleni akalitundika mbele ya Tangawizi, na wageni wa nyumba ile wakawa wanakunywa chai wamefumba jicho moja kwa ajili ya jua.

"Pazia limeshindwa," Baba Mdogo akasema, akimwona kaka yake anavyolitazama. "Na maabara imeshindwa. Nimebaki mimi."

"Profesa," Mzee akaita.

Profesa akasogea. Baba yake akimpenda humwita mwanangu. Akimwita Profesa, kuna jambo.

"Uliniambia atatoka rangi gani?"

"Dhahabu, baba."

"Asilimia ngapi?"

"Mia."

"Na huyu ni rangi gani?"

"Mweusi, baba."

"Asilimia ngapi?"

"Mia."

Hapo ndipo angenyamaza. Lakini mtoto huyu tangu azaliwe hajui kunyamaza, na kilichokuwa kinamuuma wakati ule, naapa, hakikuwa funguo tu. Ilimuuma kuona kipimo chake kinaitwa mwongo.

"Baba, nisikilize. Tangawizi ni mwekundu. Farasi mwekundu hana weusi wa kumpa mtoto. Angekuwa nao tungeuona mwilini mwake, hauwezi kujificha chini ya wekundu. Kwa hiyo weusi huu haukutoka kwa mama. Umetoka kwa baba."

"Baba yake ni Mtindi."

"Baba, mtazame Mtindi!"

Wote wakageuka. Katika chumba cha pili, Mtindi alikuwa anatafuna majani. Mwili mzima krimu, pua ya waridi, macho ya samawati, hata kope nyeupe. Ungemtafuta weusi kwa tochi usiupate. Akawatazama kidogo, akaona hawana cha kumpa, akainamia majani yake.

Baba Mdogo akaachia futi ikarudi kwenye kibweta chake kwa kishindo.

"Ngoja, ngoja. Unataka kusema Tangawizi ametoka nje?"

Mzee Hatamu akamtazama Tangawizi kwa uchungu wa mzazi. Tangawizi hakuona haya hata kidogo.

"Ametokaje?" Mzee akauliza. "Malisho yana uzio. Uzio una lango. Lango lina komeo. Na komeo hilo kila jioni hufungwa na nani?"

Msomaji, komeo hilo hufungwa na Profesa.

Sasa acha nikuambie kitu ambacho kwa Mzee Hatamu bado ni siri. Miezi kumi na moja iliyopita, mara tu baada ya Tangawizi kupelekwa kwa Mtindi, kuna jioni moja Profesa alisahau lile komeo. Asubuhi yake alikuta lango wazi, na Tangawizi yuko kando ya uzio wa jirani, anakula majani ametulia. Akamrudisha kimyakimya. Hakumwambia mtu.

Na kwa nini alisahau? Hapo ndipo penye kazi. Siku zile, kila taarifa ya habari ilipoanza redioni na Mzee akakaa kwenye kiti chake akaongeza sauti, Profesa alikuwa anapita mlango wa jikoni anakwenda kwenye chumba cha Mtindi. Huko kulikuwa na mtu anamsubiri, amekaa juu ya marobota ya majani makavu.

Mtu huyo anaitwa Kimya, na jina limemkaa. Ni mtoto wa Bwana Tambo. Na Bwana Tambo ndiye jirani ambaye Mzee Hatamu hampi hata salamu, tangu siku aliponunua farasi mweusi aitwaye Usiku, akasimama kwenye uzio na kutangaza kwa sauti kwamba farasi wapo huku kwake, kule ng'ambo kuna punda warefu.

Punda warefu! Maneno hayo Mzee Hatamu huyakumbuka hata akiwa anasali.

Kwa hiyo pima mwenyewe. Profesa akinyamaza, kipimo kinaonekana uongo, banda linakwenda, na pale Tangawizi alipojifungulia itawekwa keki. Akisema lango lilikuwa wazi, ataulizwa kwa nini. Na akijibu kwa nini, baba yake atajua kwamba binti yake anakaa juu ya majani makavu na mtoto wa mtu wa punda warefu.

"Nauliza tena," Mzee akasema. "Nani hufunga?"

"Hodi hodi wenyewe!"

Wa kubisha hakungoja karibu. Bwana Tambo alishaegemeza viwiko vyake juu ya mlango wa nusu, kofia imeinamia sikio moja, anatabasamu kwa meno yote. Nyuma yake, kichwa chini, yuko Kimya.

"Nimesikia kuna mzazi, nikasema ujirani ni ujirani, acha nije nitoe hong..." Akamwona mtoto. Tabasamu likaganda, kisha likafunguka upya, kubwa kuliko la kwanza. "Mweusi!"

Nyuma ya bega la baba yake, Kimya akainua macho akamtazama Profesa, akatikisa kichwa. Hapana. Akatikisa tena. Profesa akaelewa anaombwa asiseme.

"Imetosha," Mzee Hatamu akasema. Akapeleka mkono kiunoni, akachomoa pete ya funguo. Zilikuwa nyingi, za chumba cha majani, za chumba cha matandiko, za malango yote, na Profesa alizijua kwa mlio wake tangu akiwa hajui kutembea. "Mimi nimeweka nadhiri mbele ya watu. Simezi matapishi yangu."

Kiganja cha Baba Mdogo kilikuwa kimeshafunguliwa zamani.

"Baba, subiri!"

Mkono ukasimama hewani.

"Lango lilikuwa wazi," Profesa akasema. "Jioni moja, wakati ule ule wa mimba. Na asubuhi nilimkuta Tangawizi kwenye uzio wa Bwana Tambo."

"Nani aliliacha wazi?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa na haraka, baba."

"Haraka ya nini?"

"Michezo ilikuwa imeanza."

"Michezo gani?"

"Kwenye taarifa ya habari. Wewe michezo ikianza huwa unazima redio. Ndiyo nilikuwa narudi."

"Unarudi kutoka wapi?"

"Kwa Mtindi."

Mzee akakunja uso. "Taarifa ya habari inasomwa, wewe uko kwa Mtindi. Mnafanya nini?"

"Hatufanyi kitu. Tumekaa tu."

"Wewe na Mtindi."

"Mimi na..." Profesa akatazama chini. "Mtindi naye alikuwepo."

Daktari wa mifugo, ambaye mpaka hapo alikuwa anaosha mikono kwenye ndoo, akaacha kuosha.

"Mtindi naye," Baba Mdogo akarudia polepole. "Yaani Profesa mmoja, Mtindi wa pili. Na Mtindi ni wa kujazia tu. Sasa huyo mwingine ni nani?"

Jibu halikuhitajika. Kimya alikuwa anazitazama buti zake kwa makini kiasi kwamba hata Tangawizi aligeuka kuona kuna nini huko chini.

Mzee Hatamu akashusha mkono wenye funguo. Akatafuta mahali pa kukaa, akaona ndoo, akaigeuza akaikalia.

"Mwaka mzima," akasema, "nimekaa pale najua vita vinapiganwa wapi na mvua inanyesha wapi. Ya nyumbani kwangu nikawa sina habari."

Profesa alitaka kulia. Hakuwahi kumwona baba yake amekaa juu ya ndoo.

Sasa mtu yeyote mwenye akili angetegemea Bwana Tambo akasirike. Mtoto wake wa kiume, usiri, ng'ambo ya uzio! Lakini Bwana Tambo majivuno humfika kabla ya hasira. Alikuwa ameshafanya hesabu yake na imemfurahisha.

"Kwa hiyo ni Usiku!" akapiga kofi la furaha juu ya mlango. "Lango lilikuwa wazi, Usiku wangu akafanya kazi yake! Damu yangu hiyo! Tazama hayo masikio! Mzee Hatamu, simama unikumbatie, sisi sasa ni wakwe mara mbili!"

"Mara ya kwanza sijaikubali," Mzee akasema kutoka kwenye ndoo, "na ya pili inanitia kichefuchefu."

"Nusu ya mtoto ni yangu lakini. Haki ni haki."

"Chukua nusu ya nyuma, uondoke nayo."

"Kaka, usikasirike," Baba Mdogo akaingilia, akimtazama Bwana Tambo kwa namna ambayo Profesa hakuielewa. "Mradi jambo limejulikana, funguo..."

Hapo ndipo daktari alipoangua kicheko.

Daktari huyu ni mama wa makamo, mikono mipana, na akicheka farasi husogea. Alicheka mpaka akashika nguzo. "Usiku?" akasema. "Usiku huyu huyu wa kwako, Bwana Tambo?"

"Daktari," Bwana Tambo akasema haraka.

"Usiku awe baba?"

"Daktari, tulikubaliana!"

"Tulikubaliana nisitangaze. Nami sijatangaza mwaka wa pili huu, Mungu ananiona. Lakini sikukubali mgonjwa wangu asingiziwe mimba." Akawageukia wengine. "Usiku nilimhasi mimi mwenyewe, kwa mikono hii. Alimpiga Bwana Tambo teke mahali fulani, na Bwana Tambo akaamua kulipiza kisasi mahali palepale."

Kofia ya Bwana Tambo ilinyooka yenyewe.

Mzee Hatamu, na nadhani hii ndiyo furaha yake pekee asubuhi ile, akainua uso taratibu. "Kumbe," akasema. "Kumbe naye ni punda mrefu."

Lakini Profesa hakucheka. Alisimama katikati ya banda akijumlisha, na kila alivyojumlisha jibu lilikuwa lile lile. Usiku si baba. Kando ya uzio Tangawizi alikula majani tu, basi. Kwa hiyo lile komeo halikuwa na kosa lolote, na yeye amejianika mbele ya baba yake, baba yake mdogo, jirani na daktari, bure kabisa. Ameuza siri yake na mnunuzi hana mzigo wa kumpa.

"Kama si Usiku," akasema kwa sauti ndogo, "ni nani?"

"Hebu nikuulize mimi," daktari akasema, akijifuta mikono. "Nywele za Mtindi ulipopeleka maabara, uliagiza vipimo gani?"

"Cha krimu. Majibu yakasema ana krimu pande zote mbili, ya mama na ya baba. Lazima kila mtoto apate moja. Krimu moja juu ya wekundu inatoa dhahabu."

"Sawa. Na kipimo cha rangi ya msingi?"

"Ipi?"

"Nyekundu au nyeusi. Ile iliyoko chini ya krimu."

"Hicho sikuagiza."

"Kwa nini?"

"Ningekiagiza cha nini? Mtindi ninamwona kila siku! Nani asiyejua kwamba farasi wa namna hii chini ni mwekundu?"

"Uliona wapi wekundu wake?"

Hakuuona popote. Maana Mtindi alinunuliwa mnadani akiwa mdogo, wazazi wake hawajulikani. Huyu binti aliyelicheka pazia la baba yake mwaka mzima, ilipofika zamu yake ya kupima, alitazama kwa macho akaridhika.

Daktari akachukua vikombe viwili vilivyokuwa juu ya sanduku la dawa, vya kunywea chai. "Tazama. Hiki chukulia kina chai ya rangi. Hiki kina kahawa nyeusi. Ukitia maziwa kidogo kwenye chai, inageuka dhahabu. Ukitia kiasi kile kile kwenye kahawa, inabaki nyeusi karibu vile vile. Sasa vyote viwili vijaze maziwa mpaka juu. Niambie cha kahawa ni kipi."

"Huwezi kujua," Profesa akasema.

"Ndiyo Mtindi. Yeye amejazwa maziwa. Yawezekana chini yake kuna kahawa, na huyu mtoto ni wake halali, mwenye krimu yake ndani, ila haionekani. Kipimo chako hakikusema uongo. Wewe ulikiuliza swali moja ukajipa majibu mawili."

"Kwa kifupi," Baba Mdogo akasema, akiwa na furaha isiyofichika, "alipima nusu ya farasi."

Na msomaji, hapo alikuwa amesema kweli.

Profesa akapiga magoti mbele ya ndoo. "Baba. Kosa ni langu. Si la maabara wala la Tangawizi. Nipe nafasi ning'oe nywele za Mtindi upya na za mtoto, zikapimwe kikamilifu. Majibu yakija..."

"Majibu yakija mtoto atageuka dhahabu?"

"Hapana, baba."

"Basi." Mzee akainuka. Magoti yakalia. Macho yake yalikuwa mekundu, na hakutaka kumtazama usoni. "Mimi sikusema nani ana haki. Nilisema dhahabu. Mwanangu, ningependa nimeze maneno yangu, lakini watu waliyasikia."

Amemwita mwanangu, na ndiyo ilimuuma zaidi. Funguo zikainuka tena, zikaelea juu ya kiganja cha Baba Mdogo, zikagusa.

"Haina haja ya kupima."

Walitafuta aliyesema. Ilichukua muda, kwa sababu nusu yao hawakuwahi kuisikia sauti hiyo.

Ni Kimya. Alikuwa amekwisha kuuzunguka mlango na kuingia ndani, na jasho linamtoka. "Mtindi ana weusi upande mmoja na wekundu upande mmoja," akasema. "Kwa farasi mwekundu, ni nusu kwa nusu. Anaweza kumpa wa dhahabu, anaweza kumpa mweusi. Huyu ni mtoto wake."

Bwana Tambo akaanza kukohoa.

"Umejuaje?" daktari akauliza.

"Alipimwa. Vipimo vyote."

"Na nani?"

Kikohozi cha Bwana Tambo kikawa kikubwa mno kwa mtu mzima kifua. Kimya hakumtazama. Nadhani angemtazama angeishiwa nguvu. "Baba alitaka kumnunua Mtindi banda likifungwa. Akataka kujua kwanza ananunua nini. Waliahidiana." Akanyoosha kidole, na kidole hakikumwelekea baba yake. "Na yeye."

Futi ya chuma ikaanguka sakafuni.

Mzee Hatamu akamgeukia ndugu yake wa tumbo moja. Hakupandisha sauti. "Wewe ndiye uliyeniambia niweke nadhiri. Ulisema, kaka, mpe mtoto nafasi, mtoto akisema dhahabu mshike na dhahabu yake."

"Kaka, sikiliza..."

"Ukijua."

"Nusu kwa nusu, kaka! Amesema mwenyewe! Angeweza kabisa kutoka wa dhahabu, nami ningekula hasara yangu kimya kimya! Kuna haki gani kuzidi hiyo?"

Mzee akazichukua funguo kutoka kwenye kile kiganja, taratibu, bila pupa, kama anavyomtoa kupe. Kisha akainama kwa shida, akaokota futi, akaitia mfukoni mwake.

"Nadhiri iliyotegewa mtego si nadhiri," akasema. "Na mtoto aliyesema kweli ikamwaibisha, nusu farasi au farasi mzima, huyo ndiye nitakayemwachia wanyama wangu. Mwanangu, njoo uchukue."

Haya, mngedhani tumefika. Mimi mwenyewe nilidhani. Msichana ameusubiri mkono ule miaka yote, sasa umenyooshwa, funguo zinaning'inia, na Tangawizi kule nyuma mwanawe ndiyo kwanza anasimama, miguu minne kila mmoja na mawazo yake.

Profesa hakuzitazama funguo. Wala hakumtazama mtoto.

Alikuwa anamwendea Kimya, polepole.

"Maabara haipokei nywele zilizokatwa," akasema. "Inataka za kung'oa, na mizizi yake."

Kimya akatikisa kichwa kukubali.

"Na Mtindi hamruhusu mgeni kumgusa shingo. Anang'ata. Labda niwepo mimi ndiyo hutulia."

Kimya akatikisa kichwa tena, mara hii kidogo sana.

"Kwa hiyo mlihitaji mtu wa kumtuliza farasi." Akasogea hatua moja. "Jioni zile zote. Juu ya marobota. Ulikuwa unanishika mkono kwa mkono wako wa kulia."

"Ndiyo."

"Wa kushoto ulikuwa wapi?"

Hata Bwana Tambo alipona kikohozi. Kimya akainua uso, na kwa mara ya kwanza akamtazama machoni mbele za watu.

"Mwanzoni," akasema, "ulikuwa kwenye shingo ya Mtindi."

"Mwanzoni?"

"Majibu yalitoka mapema. Sikuwa na kazi tena huku. Niliendelea kuja tu."

Wa kujibu hakuwa Profesa. Aliyejibu alikuwa nyuma yake, na funguo zilikuwa zinalia mkononi.

"Mwanzoni kwenye shingo ya Mtindi, nimesikia," Mzee Hatamu akanguruma. "Na baadaye, kijana? Hebu niambie hapa hapa mbele ya daktari. Na baadaye ulikuwa wapi?"